Anachana mistari ya dawa za kulevya, na nimekuta chupa kwenye begi lake

Shikamoo Mwalimu,

Naishi Tabata, Dar es Salaam, na shughuli yangu ni mama ntilie. Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo, kwa hiyo kila mwezi tunamwona siku chache tu. Tuna watoto watatu. Ninayekuandikia habari zake ni wa kwanza, mvulana wa miaka 16, yuko kidato cha tatu.

Tangu apate simu, maisha yake ni rap. Za hapa kwetu, za Kenya, za Marekani, zote anazijua kwa moyo. Naye anachana, ana daftari la mistari na jina la kisanii, na jioni anashinda geto kwa rafiki yake mmoja aliyemaliza shule ambaye anajifunza kurekodi. Mwanzoni nilifurahi. Hata mwalimu wake wa Kiswahili aliwahi kuniambia mtoto ana kipaji cha maneno.

Siku hizi sina furaha hiyo. Kwanza niliona anachukua vikombe vyangu vyeupe vya kufungia chai, anapachika viwili viwili, ndipo anatia soda. Nilidhani ni ili soda isipoteze baridi. Kisha, nikitoa nguo za shule nifue, nikakuta kwenye begi chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Nyumbani kwangu hakuna aliyekohoa. Nilipomuuliza alisema ni ya rafiki yake. Nikafungua lile daftari, Mwalimu, na mistari niliyoisoma ilinitoa jasho: msuba (ndiyo bangi), kete za dawa, kikombe cha zambarau, kuruka mpaka mawinguni.

Nilimkalisha chini. Akaniambia, "Mama, huo ni muziki tu. Mbona wewe unaimba taarabu za kunyang'anyana mabwana na hujamnyang'anya mtu?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nikamsikia akimwambia mdogo wake kwamba bangi ni mmea tu kama mchicha, na wasanii wanaovuta wana magari wakati wasiovuta wanapanda daladala.

Baba yake aliporudi safari alivunja spika na kumnyang'anya simu. Amesema shule zikifungwa kijana anakwenda Arumeru kwa babu yake, akae huko mpaka akili imrudie. Mtoto sasa haongei na mtu.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna kijana aliyekuwa fundi magari mzuri sana. Leo ni teja, analala barazani kwa watu. Naye alianza na muziki na masela. Kila nikimwona, roho yangu inakwenda kwa wangu.

Je, ni muziki unaompoteza mwanangu? Nimkataze kabisa?

Mama K., Tabata

*

Marahaba, Mama K.

Niruhusu nianze na chupa, kwa sababu muziki unaweza kusubiri siku mbili tatu lakini chupa haiwezi.

Vile vikombe viwili vilivyopachikwa pamoja havikutoka kichwani mwa mwanao. Ni mtindo uliotoka Houston, Texas. Huko, tangu miaka ya 1990, wapenzi wa rap ya mwendo wa taratibu walizoea kunywa dawa ya kikohozi yenye kodini na promethazini, wakiichanganya na soda na peremende ndani ya vikombe vyeupe. Dawa hiyo huwa na rangi ya zambarau, na ndiyo ile zambarau uliyoisoma kwenye daftari. DJ Screw, mtu aliyeuanzisha muziki ule, alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 29, na kodini ilikutwa mwilini mwake. Mtindo wenyewe haukufa naye. Ulienea Marekani nzima, na kwa njia ya video umefika Tabata.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuisoma lebo ya chupa ile. Kama umeitupa, muulize mwanao jina la dawa, na umuulize bila kufoka. Dawa nyingi za kikohozi zinazouzwa kwenye maduka yetu hazina kodini, na huenda kijana alikunywa kitu kisicholevya kabisa ili tu apige picha na kikombe. Lakini ikiwa lebo imeandikwa kodini, elewa kwamba kodini ni ya ukoo mmoja na mofini na heroini. Ini huigeuza kuwa mofini, na kwa watu wengine huigeuza haraka na kwa wingi kuliko kawaida, wala hakuna anayejijua kabla hajainywa. Inapunguza kasi ya kupumua. Promethazini nayo inaleta usingizi mzito. Zikikutana, na pombe ikiongezwa, mtoto anaweza kulala na pumzi ikakatika usingizini. Ndiyo maana mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kikohozi zenye kodini zisitumiwe kabisa na walio chini ya miaka 18, hata wale wanaokohoa kweli.

Ukimkuta siku moja amelala haamki ukimtikisa, anakoroma kwa namna usiyoizoea, midomo imebadilika rangi, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlaze kwa ubavu, tafuta usafiri, na ukifika hospitali taja dawa aliyokunywa. Kuna mama wengi wanaoogopa kuitaja kwa sababu ya polisi au aibu. Daktari anahitaji jina la dawa ili amwokoe mtoto, kwa hiyo liseme.

Sasa tuje kwenye muziki.

Mwanao amekupa majibu mawili, na nadhani hajaona kwamba yanapigana. Wewe aliposema nawe, wimbo ulikuwa wimbo tu, kama taarabu, hauna uhusiano na maisha ya mtu. Aliposema na mdogo wake, msanii akageuka kuwa ushahidi: anavuta, ana gari, kwa hiyo kuvuta hakudhuru. Jibu la kwanza ni la kukunyamazisha. La pili ndilo analoliamini, maana alilitoa mahali ambapo hakudhani unasikia.

Hapo ndipo muziki unapofanya kazi yake. Sijaona mtoto aliyesikia wimbo mmoja akainuka kwenda kununua kete. Ninachokiona, baada ya miaka mingi ya kufundisha sekondari na kukaa na vijana kwenye chumba cha unasihi, ni kwamba nyimbo zinabadilisha kipimo cha kitu cha kawaida. Kijana anayesikia kutwa nzima watu anaowapenda wakitaja jani, kikombe na vidonge pamoja na pesa, wanawake na magari, haamui kuvuta. Anaacha kushangaa tu. Na siku rafiki akimnyooshea msokoto, ule mshituko ambao ungemfanya arudishe mkono haupo tena.

Watafiti wamelipima jambo hili huko muziki wenyewe ulikozaliwa. Denise Herd wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichambua nyimbo za rap zilizopendwa zaidi kati ya 1979 na 1997. Katika zile za mwanzo, za 1979 hadi 1984, ni asilimia 11 tu zilizotaja dawa za kulevya. Baada ya 1993 zilikaribia asilimia 70. Tena sauti yenyewe ilibadilika: nyimbo za zamani zilizogusa dawa zilikuwa za kuonya zaidi, za baadaye zikazifanya alama ya starehe na utajiri. Watafiti wengine waliwauliza wanafunzi 959 wa kidato kimoja huko Marekani, wakakuta kwamba waliosikiliza zaidi nyimbo zenye kutaja bangi ndio walioelekea zaidi kuwa wanaitumia, karibu mara mbili ya waliosikiliza kidogo. Tahadhari hapa, mama. Matokeo hayo hayasemi kipi kilitangulia. Huenda anayevuta ndiye anayezitafuta nyimbo hizo. Mimi nasadiki njia zote mbili zipo, na zinakutana geto.

Geto ndilo ningelitazama kabla ya simu. Wimbo huohuo ukisikilizwa sebuleni kwako, wadogo zake wakicheka na wewe ukipepeta mchele, si wimbo uleule ukisikilizwa kwenye chumba chenye pazia limeshushwa, kaka aliyemaliza shule akiwa ndiye mwenye mashine ya kurekodi na ndiye mwenye msokoto. Mwanao anamhitaji yule kaka ili arekodi. Anamlipa kwa nini? Mtoto wa kidato cha tatu hana hela ya studio. Mara nyingi analipa kwa kufanana naye. Hiyo chupa ya "rafiki yangu" inaweza kuwa kweli ya rafiki yake.

Nenda pale. Si kwa fujo, maana utamwaibisha na atahamia geto jingine usilolijua. Nenda na chapati zako, msalimie kijana mwenyeji, kaa dakika chache, uone chumba na unuse hewa. Mwambie, "Mwanangu ananiambia unamsaidia kurekodi, nimekuja kushukuru na kukufahamu." Mtu mzima wa geto akishajua kwamba mama anafahamu mlango wake, mambo mengi yanapungua yenyewe. Na kama ukiona hali ni mbaya, utakuwa umeona kwa macho yako, na kumkataza mwanao mlango ule mmoja utakuwa na sababu.

Kuhusu kumkataza rap yote: sikushauri. Spika imevunjwa, simu imechukuliwa, na wewe mwenyewe umeandika kilichotokea, kijana ameacha kuongea. Nyimbo bado anazo, zipo kwenye simu za wenzake. Ulichopoteza ni kusikia anachosikiliza. Isitoshe, rap ya nchi hii haikuwahi kuwa njia moja ya kwenda vijiweni. Joseph Mbilinyi, Sugu, alichana miaka ya tisini, akaenda bungeni kuiwakilisha Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay akawa mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Mwana FA alishinda Muheza mwaka 2020 na baadaye akawa naibu waziri. Mwambie baba yake majina hayo. Mtoto mwenye kipaji cha maneno, ambaye mwalimu wa Kiswahili amekisifu, ana kitu mkononi ambacho watoto wengi hawana, na itaniuma sana kikizimwa kwa hofu yetu sisi wazazi.

Mrudishie simu, kisha mwombe akusikilizishe. Achague mwenyewe nyimbo tatu anazozipenda. Usikilize mpaka mwisho, usigunegune, usitoe mawaidha katikati. Kisha uliza maswali ambayo hata wewe huna majibu yake. Huyu anayeimba hivi, asubuhi yake ikoje? Anayeuza hizo kete kwenye wimbo, mama yake yuko wapi? Mbona hakuna mtu anayeumwa arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, humu ndani? Mitaani kwetu sote tunamjua mtu mwenye arosto, anatetemeka, anatapika, anaiba sufuria ya mama yake, na kwenye nyimbo hayupo.

Halafu msimulie habari ya Future na Juice WRLD. Hakika atakuwa anawajua wote wawili, na atashangaa kwamba wewe unawajua. Future, rapa wa Atlanta, alijulikana dunia nzima kwa kuimba kuhusu kile kikombe. Walipofanya kazi pamoja, rapa kijana Juice WRLD alimwambia kwamba alianza kukinywa akiwa bado mtoto wa shule, kwa kusikia nyimbo zake. Mwaka 2019 Future alieleza kwenye mahojiano jinsi maneno yale yalivyomshitua, akajiuliza ni watoto wangapi wengine aliowaingiza humo. Na mwaka huohuo alieleza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: yeye mwenyewe alikuwa ameshaacha kunywa, lakini aliogopa kuwaambia mashabiki, asije akaonekana muziki wake umebadilika. Maana yake kuna kipindi watoto walikuwa wakimwiga mtu katika jambo ambalo mtu huyo halifanyi tena. Desemba 8, 2019, Juice WRLD alifariki Chicago kwa kuzidiwa na oksikodoni, dawa kali ya maumivu, na kodini. Alikuwa ametimiza miaka 21 siku chache kabla. Ukimaliza kusimulia, nyamaza, umwachie yeye aseme.

Akikwambia hayo ni ya Wamarekani, wapo wa kwetu waliolisema wenyewe. Mwimbaji Ray C alijitokeza hadharani akaeleza jinsi heroini ilivyomwangusha na jinsi alivyopata tiba ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala yake. Chid Benz, ambaye kwa uwezo wa kuchana watu wachache wanamfikia, alikamatwa na dawa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mwaka 2014, na mwaka 2016 akapelekwa nyumba ya upataji nafuu Bagamoyo. Wataje kwa heshima. Hawa ni watu waliougua mbele ya macho ya nchi nzima, na sipendi majina yao yatumiwe kama fimbo ya kuwachapia watoto.

Na lile la bangi kuwa mmea kama mchicha? Usibishane naye kuhusu mimea, atakushinda kwa video alizozitazama. Mwambie kwamba ubongo wa mtu unaendelea kujengwa mpaka anapita miaka 20, na bangi inayoanza mapema inagusa kumbukumbu na umakini, vitu viwili anavyovihitaji kwa mtihani na kwa mistari yake. Kwa baadhi ya vijana, hasa wenye historia ya ugonjwa wa akili kwenye ukoo, inaweza kufungua mlango wa kuchanganyikiwa. Kama upo ugonjwa huo upande wako au wa mume wako, mweleze wazi. Ni haki yake kujua. Mweleze pia kuhusu kokteli, msokoto wa bangi uliotiwa unga, yaani heroini. Ni mchanganyiko wa miaka mingi hapa Dar, na wengi waliofika kwenye heroini waliupitia. Anayepewa msokoto geto hajui kilichomo ndani. Huenda jirani yako yule fundi alipita hapohapo; mwombe mama yake, kwa upole, akusimulie. Atakuambia mambo ambayo safu hii haiwezi.

Arumeru inanitia wasiwasi, nalisema bila kumkosea heshima babu wa watoto. Mume wako anafikiri anamtoa mtoto kwenye bangi kwa kumpeleka kijijini, wakati Arumeru ni mojawapo ya maeneo ambayo kila mara Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya huenda kufyeka na kuteketeza mashamba ya bangi. Akifika huko na hasira, bila shule, bila mama, bila daftari lake, ataupata huo mmea karibu zaidi kuliko Tabata. Kwenda kumsalimia babu likizo ni jambo jema. Kupelekwa kama adhabu, katikati ya kidato cha tatu, ndiko ninakokupinga.

Zungumza na mume wako kwa simu akiwa njiani, jioni akiwa ameegesha, kabla hajafika nyumbani akiwa amechoka. Usianze na kosa lake la spika. Anza na chupa, mwambie umeisoma lebo na umeona nini, kisha mwombe jambo moja tu: akirudi safari hii, wiki ile aliyo nyumbani, ampandishe mtoto kwenye lori mpaka Chalinze na kurudi, wawili peke yao, redio ichezwe anayoitaka mtoto. Kijana wa miaka 16 ambaye baba yake anapita tu nyumbani hutafuta mwanaume wa kumtazama mahali pengine, na wanaume wa kwenye simu wapo saa zote.

Kama baada ya hayo utaona dalili zinaendelea, usingizi wa mchana usioelezeka, hela zinapotea, macho kubadilika, kuacha kula, kushuka ghafla darasani, au kama chupa ile ilikuwa na kodini na anakiri amekuwa akiinywa mara kwa mara, usikae nalo ndani. Nenda naye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana au Muhimbili, uulize kitengo cha afya ya akili. Usitangulie kuomba methadoni, daktari ndiye atakayeamua anahitaji nini. Unaweza pia kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, ukaongea bila kutaja jina. Shuleni, anza na yule mwalimu wa Kiswahili, maana tayari anamwamini mtoto. Mwombe akusaidie kumfikia mwalimu wa unasihi kabla jambo halijafika ofisi ya nidhamu, kwa kuwa likishafika huko mara nyingi hutafutwa adhabu kabla ya msaada.

Na daftari lile mrudishie, umwambie kwamba umelisoma. Atakasirika, ana haki. Kisha mwombe akuchanie ubeti mmoja alioutunga kuhusu mtaa wenu, wowote aupendao, ukiwa umekaa naye hapo jikoni.